Bunduki ya Meno Mawili

Colette Brisson aliilaza bunduki juu ya meza ya jikoni, kati ya bakuli la sukari na gazeti la jana, kisha akarudi nyuma na kukunja mikono.

"Haya. Tangu nikiwa mtoto mnaitaka. Hiyo hapo."

Sajini Noreen Trudell hakuigusa kwanza. Alivaa glavu, akaifungua kuhakikisha haina risasi, ndipo akaigeuza upande wa dirishani. Ilikuwa Tolland, bunduki fupi ya kuwindia paa, ya aina ile ambayo ukifyatua inatupa ganda la risasi yenyewe na kuingiza risasi nyingine bila mkono wako kufanya kitu. Huko nyuma karibu kila nyumba ya mji wa Korpi ilikuwa nayo. Ilifaa kwa misitu ya huku, ambako mtu haoni mbali.

"Mbona baba yako hakuitoa wakati ule?" Noreen aliuliza.

"Alikuwa mbishi. Walikuja watatu, wakasimama hapo ulipo, wakamwambia, Carl, lete bunduki. Akawaambia, mngeniomba kama majirani ningewapa, lakini mmekuja kama polisi, basi nendeni mkalete karatasi ya hakimu. Hakimu akawanyima karatasi." Colette alivuta kiti, hakukaa. "Unajua mji ulivyosema? Kama hana hatia, anaficha nini?"

"Na yeye alisema nini?"

"Hakusema. Ndiyo tabu yake hiyo."

Hadithi yenyewe Noreen aliijua kwa moyo. Siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda paa, mwaka 1971, kijana Reino Haapala aliingia msituni na baba yake, Onni. Kila mmoja alishika sehemu yake ya kuvizia. Kabla ya jua kupanda baba alimkuta mwanawe amelala kwenye theluji, risasi kifuani. Wiki moja kabla, Carl Brisson na Reino walikuwa wamegombana baa, karibu washikane mashati, kwa sababu ya mpaka wa msitu. Carl alikuwa na Tolland. Karibu na mwili, polisi walikuta ganda la Tolland. Kesi haikufika mahakamani, lakini mji ulitoa hukumu yake. Carl aliishi na hukumu hiyo mpaka Aprili mwaka huu, alipofia kitandani. Na kila vuli, mama yake Reino, bibi Saima Haapala, alifika kituo cha polisi na kofia yake ya sufu kuuliza kama kuna jipya. Mkuu wa zamani alipostaafu, faili lilimwangukia Noreen, na bibi naye.

"Kuna mtu yeyote aliyekuwa anakuja hapa?" aliuliza Noreen, akiifunga bunduki kwenye mfuko wa turubai. "Baada ya yale."

Colette alicheka kwa pua. "Hapa? Mama alipokufa hata paka wa jirani hakuja." Akasogeza bakuli la sukari. "Isipokuwa mmoja, na utashangaa. Mzee Onni mwenyewe, kabla hajafa. Kila theluji ikianguka tukiamka tunakuta njia yetu imeshasafishwa mpaka barabarani. Baba alimwona mara moja tu, anaondoka na trekta lake. Hakuwahi kubisha hodi. Baba wa marehemu, hebu fikiria! Nilikuwa nasema, kama kuna Mkristo mmoja Korpi nzima, ni yule."

"Baba yako alisemaje?"

"Alisema, mwache mzee wa watu, ana msiba." Alimfungulia Noreen mlango. "Sikiliza, Sajini. Ikiwa ndiyo hii, niambie. Ikiwa siyo, niambie pia. Usinifanyie kama walivyomfanyia baba, kumwacha aning'inie."

"Nitakuambia."

"Kwa mdomo wako. Siyo kwa simu."

---

Ripoti ya maabara ya mwaka 1971 ilikuwa fupi. Ganda limetoka kwenye Tolland ya matoleo ya kwanza. Pembezoni mwa kitako chake kuna alama mbili ndogo zinazolingana. Mkuu wa zamani aliandika kwa mkono wake chini: alama hizi asiambiwe mtu. Ilikuwa kawaida ya kazi. Anayejua asichoambiwa, mwulize amejuaje.

Noreen angeweza kuipeleka bunduki moja kwa moja maabara, na angeipeleka. Lakini foleni ya maabara ilikuwa ndefu, na katika kaunti yote kulikuwa na mtu mmoja aliyeijua Tolland kuliko waliozitengeneza. Daktari Arvid Nyblom alikuwa ameng'oa meno ya watu wa Korpi maisha yake yote ya kazi, akastaafu, na sasa mapenzi yake yote yalikuwa chini ya nyumba, kwenye chumba chenye joto na taa nzuri, bunduki zimepangwa ukutani kama vikombe vya mshindi.

"Karibu, karibu! Angalia ngazi ya tatu, inayumba. Kahawa?"

"Baadaye, Daktari. Nataka macho yako."

Aliifungua turubai kwenye meza ya kazi. Nyblom alivaa miwani yake, na uso ukabadilika kama wa mtoto aliyeletewa peremende.

"Ohoo. Tazama kitako hiki. Mti wa mjozi, chuma kimepinda hapa nyuma kufuata bega. Na huku mbele chini, unaona hii mifereji ya vidole? Waliichonga miaka miwili ya mwanzo tu, halafu mhasibu fulani akaona wanapoteza muda. Watu wakiona mifereji wanakimbilia kusema toleo la kwanza. Wengi wameuziwa mbuzi kwenye gunia hivyo."

"Kwa hiyo siyo toleo la kwanza?"

"Subiri, usinikimbize." Aliinama na tochi. "Jina la kiwanda. Herufi zimesimama wima. Za kwanza zililala, kama mwandiko wa mwalimu. Hii ni mwili wa mwaka wa tatu uliovalishwa mbao za mwaka wa pili. Walibakiwa na mbao stoo, wakazimaliza. Ninazo mbili za namna hii. Machotara, nawaita." Alivuta kile chuma cha pembeni nyuma, akamulika ndani, akatazama kwa muda mrefu kuliko mwanzo. Alipozungumza sauti ilikuwa imeshuka. "Jino moja. Siyo hii."

Noreen alikuwa anaegemea meza. Hakusogea.

"Siyo hii nini, Daktari?"

"Siyo... ya kwanza. Uliniuliza kama ni ya kwanza."

"Herufi zilishakujibu hilo."

"Ndiyo, ndiyo. Jino ni uthibitisho tu." Alivua miwani, akaanza kuifuta ilhali haikuwa chafu. "Za mwanzo zilikuwa na meno mawili ya kutupia ganda. Baadaye wakaweka moja. Ya Carl, hii?"

"Sikusema ni ya nani."

"Mji mdogo, Sajini."

"Kweli." Noreen alinyoosha mgongo, akatabasamu. "Basi nionyeshe zako. Hiyo kahawa nitaichukua sasa."

Ilikuwa ni kumpa mtu kamba na kumwacha ajifunge mwenyewe. Nyblom alifurahi kubadili mazungumzo. Alimpitisha ukutani kutoka kushoto. Kila bunduki ilikuwa na simulizi. Hii aliinunua kwa mjane wa mji wa Ishpeming aliyekuwa akiitumia kufungia mlango wa banda. Hii ilitoka kwa padre aliyewinda kwa siri siku za kufunga. Hii ya tatu alibadilishana na mwanamume mmoja wa Wisconsin kwa mashua, na mkewe marehemu hakumsemesha mwezi mzima. Alijua nani aliishika kwanza, nani aliirithi, nani alilia alipoiuza.

"Hujawahi kukosea?"

"Wakati naanza, mara nyingi. Sasa nina sheria. Siangalii mbao kwanza, naangalia chuma. Na sichukui iliyoharibiwa. Ukitoboa tundu la kufungia darubini, ukipaka vanishi, ukikata kitako, basi umeua historia. Siichukui hata nikipewa bure."

"Hata yenye meno mawili?"

"Hata hiyo."

Noreen alipiga funda la kahawa. Alikuwa amefika mwisho wa ukuta, kwenye kona nyuma ya jiko la kuni, ambako kulikuwa na bunduki moja peke yake. Mifereji ya vidole ilikuwepo. Herufi zilikuwa zimelala. Lakini kitako kilikuwa kifupi mno, kimekatwa kwa msumeno wa nyumbani na kupachikwa kipande cha raba.

"Na hii?"

"Hiyo, ah. Hiyo niliipata tu."

"Kwa nani?"

"Mahali fulani. Zamani."

"Daktari, umenitajia mpaka jina la mbwa wa yule padre."

Jiko lilikuwa likinguruma. Nyblom alitazama kikombe chake.

"Imekatwa," alisema Noreen. "Umetoka kuniambia hata bure huichukui. Hii umeiweka mahali ambapo wageni hawafiki. Na uliposhika ile ya mezani, ulikwenda kutafuta jino wakati swali lilishajibiwa. Ripoti yetu inataja alama mbili kwenye ganda. Hajawahi kuambiwa mtu. Wewe nani alikuambia?"

Mzee alikaa kwenye kigoda chake cha kazi. Alikuwa mtu mrefu, na alipokaa alionekana kama kitu kilichokunjwa.

"Ilikatwa kwa sababu mwenyewe alikuwa mfupi," alisema. "Alikuwa hanifikii begani."

Noreen aliweka kikombe chini. Alikuwa amewahi kuona picha ya harusi ukutani kwa bibi Saima. Bi harusi alikuwa amevaa viatu visivyo na kisigino, na bado alimpita mumewe kwa urefu.

"Onni," alisema.

"Alikuja Jumapili baada ya mazishi. Kanisani tulikuwa tumekaa benchi moja. Akanifuata mpaka hapa, ameibeba ndani ya blanketi, tayari amefyatua risasi moja kwenye gogo. Akanipa ganda lake. Akaniuliza, Arvid, wewe unazijua hizi. Wakipata ganda wanaweza kujua? Nikatazama. Meno mawili. Kaunti nzima nilijua tano tu, kwa sababu wengi walikwisha kubadilisha, wakachukua za jino moja. Nikamwambia, ndiyo, Onni, wanaweza. Mimi bado sijaelewa. Nilikuwa bado nafurahia alama. Ndipo akakaa hapo chini, sakafuni. Bunduki hakurudi nayo."

"Faili linasema siku ile Onni alibeba bunduki ya baba yake, ile ya kuvuta kwa mkono."

"Aliwaambia hivyo, na hakuna aliyemwuliza mara ya pili. Nani amuulize baba wa maiti?" Nyblom alipitisha kiganja usoni. "Kijana aliacha sehemu yake. Labda alisikia baridi, labda alikuwa anamfuata baba yake wanywe chai. Koti la kahawia. Siku zile hakuna mwindaji aliyevaa rangi ya machungwa ili aonekane. Onni aliona kitu cha kahawia kinatembea kwenye mierezi. Ingekuwa bunduki ya kuvuta, ganda lingebaki ndani mpaka alitoe mwenyewe. Hii hutupa, na hutupa mbali. Alipiga magoti akalitafuta kwenye theluji na mwanawe pembeni. Hakulipata. Ndipo akaenda kuita watu."

"Na wewe ukanyamaza."

"Aliniomba. Alisema, Saima amempoteza mtoto, usimnyang'anye na mume. Nikaona ni ajali. Hakuna wa kufungwa, hakuna wa kupona. Nilidhani nanyamazia kifo, Sajini. Kifo kilikuwa kimekwisha." Alisogeza kikombe pembeni. "Halafu wakaanza kumsema Carl."

"Ungeweza kusema wakati huo."

"Kila mwaka nilidhani ni mwaka wa mwisho, watasahau. Carl alikuwa mteja wangu. Alikuja kliniki, akafungua kinywa, nikamtengeneza meno, na sote wawili tukatazama dari. Siku moja ameshavaa koti lake akaniuliza, Daktari, wewe unaamini ni mimi? Nikamwambia hapana. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Alinishukuru! Kumbe ningeweza kusema maneno mawili zaidi." Aligeuka akatazama ile kona. "Onni alipokufa nilibaki na sababu gani? Sikuwa nayo. Nilikuwa nimezoea tu."

Noreen aliichukua bunduki iliyokatwa, akaikagua chumba cha risasi, akaiviringisha kwenye turubai ya pili.

"Utanikamata?"

"Nitaandika maelezo yako, utatia sahihi. Mwendesha mashtaka ataamua." Alielekea ngazini. "Anayekudai si yeye."

---

Wiki kadhaa baadaye maabara ilijibu. Walifyatua bunduki ya Onni ndani ya tangi la maji, wakaweka ganda jipya na la zamani chini ya kioo kimoja cha kukuzia. Alama zililingana. Bunduki ya Carl Brisson haikuhusika.

Noreen alianza kwa Colette, kwa mdomo wake, kama alivyoahidi. Colette alisikiliza akiwa amesimama kwenye sinki, mgongo umemgeukia, maji yanatiririka. Hakulia. Mwisho alisema tu, "Kwa hiyo ile theluji alikuwa anatulipa," na akafunga bomba.

Kisha Noreen akaenda kwa bibi Saima.

Bibi alikuwa ameshakata mkate wa iliki na kupanga vikombe. Alidhani ni jibu la kawaida, lile la hakuna jipya. Noreen alimwomba akae. Alimweleza bila kuzunguka, jinsi watu wa huku wanavyotaka kuambiwa mambo mabaya. Bibi alisikiliza mikono imelala juu ya kitambaa cha meza. Saa ya ukutani iligonga, ikamaliza.

"Mtoto alikufa papo hapo?"

"Daktari wa wakati ule aliandika hivyo."

"Onni naye aliniambia hivyo. Nilidhani ananifariji." Alitazama kiti kilichokuwa upande wa pili. "Hakuwinda tena. Hakula nyama ya paa tena. Nilidhani ni huzuni."

"Ilikuwa huzuni, Mama Haapala."

"Angeniambia." Alisema neno hilo kama mtu anayejaribu uzito wake. "Ningempiga. Ningemfukuza alale kwenye kibanda cha sauna. Halafu ningekwenda kumchukua. Hakunijua? Tumelala kitanda kimoja, hakunijua?"

Noreen alikunywa kahawa.

Bibi aliinuka, akashika ukingo wa meza. "Carl akiingia dukani, mimi niliacha kikapu changu sakafuni na kutoka. Wanawake wote wakanifuata, kwa heshima yangu. Mkewe alipokufa, wa kanisani waliniuliza kama wapeleke chakula. Sajini, unajua niliwajibu nini? Nikawaambia, atakayekwenda kule asije tena kwangu. Nilipiga simu nyumba hadi nyumba." Alikuwa anatafuta koti lake, mkono haupati mkono wa koti. "Onni alikuwa amekaa hapo ananisikia nikipiga."

"Si lazima iwe leo."

"Nina miaka themanini na nne. Iwe lini?"

Alikataa kusaidiwa vifungo.

Nyumbani kwa kina Brisson, Colette alifungua mlango kabla hawajabisha hodi. Alikuwa ameliona gari. Alisimama mlangoni na aproni yake ya kazini, ya jiko la shule, mrefu, bila kusogea kuwapisha. Bibi Saima alivua kofia yake, nywele zote nyeupe zikabaki kwenye upepo.

"Ni mume wangu," alisema. "Sikujua. Lakini niliyoyafanya kwenu niliyafanya mimi, siyo yeye."

"Mama alipokufa nilikuwa na miaka kumi na sita," alisema Colette. "Baba alitoa vikombe vyote kabatini. Alivipanga mezani. Akavaa tai. Tukakaa tunangoja watu."

"Mimi niliwakataza."

"Najua. Mji mzima unajua." Colette alibana midomo. "Sasa umekuja unataka nini? Nikuambie si kitu?"

"Hapana. Usiniambie hivyo."

Upepo ulipuliza majani kwenye ngazi. Noreen alibaki nyuma, karibu na gari, mikono mifukoni. Hapakuwa na kazi ya polisi pale.

"Mimi si wa kuambiwa," Colette alisema hatimaye. "Baba yuko juu kwenye makaburi ya kilimani, safu ya mwisho. Nenda kamwambie mwenyewe." Akafunga mlango, bila kuubamiza.

Walipanda kilima polepole. Theluji ya kwanza ya mwaka ilikuwa imeanza, nyepesi, haishiki bado. Kaburi la Carl Brisson lilikuwa jipya, jiwe dogo, majani hayajaota vizuri juu ya udongo. Bibi Saima aliachia mkono wa Noreen hatua chache kabla, akaenda peke yake. Alisimama. Kisha akaanza kusema, kwa Kifini, lugha aliyobaki nayo ya kugombana. Noreen alikuwa mtoto wa Wafaransa wa Kanada na hakujua Kifini. Alichoambulia ni jina tu. Carl. Halafu maneno mengi. Halafu Carl tena.

Bibi alisema kwa muda mrefu. Mara sauti ilipanda kama anabishana na mtu, mara ilishuka mpaka haikusikika.

Noreen aligeuka aliposikia gari. Lilikuwa la Colette. Lilisimama nje ya geti, taa zimewashwa, injini inanguruma, wipa zikifuta theluji kwenye kioo. Hakuna aliyeshuka. Noreen alingoja mlango ufunguke, haukufunguka. Lakini gari halikuondoka, na bibi hakugeuka kulitazama. Alikuwa bado hajamaliza.